Utajiri na Umaskini katika Maandishi ya Kale ya Wayahudi na Wakristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mahali watu wanapofungua Biblia pamoja: jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya mafunzo, darasa la kipaimara, hata kijiweni mhubiri akishaondoka. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Ni maandishi gani hasa yanayozungumziwa hapa?

Kwanza ni Biblia ya Kiebrania, ambayo Wakristo huiita Agano la Kale. Baada yake kuna vitabu vya Wayahudi vya karne za mwisho kabla ya Kristo: Yoshua bin Sira (yapata mwaka 180 KK), Tobiti, Henoko, na magombo ya Qumran yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi. Kisha Agano Jipya. Kutoka hapo njia zinaachana. Upande mmoja kuna Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, yaani walimu wa Kiyahudi (yapata mwaka 200 BK), na Talmudi, mijadala yao juu ya Mishna hiyo. Upande mwingine kuna Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo, na mababa wa Kanisa, na hapa tutaishia kwa Yohane Krisostomo, aliyefariki mwaka 407.

Biblia za Kikatoliki zina Sira na Tobiti, ila Union Version waliyonayo Waprotestanti wengi haina. Tofauti hiyo itatusumbua kwenye swali la 15.

2. Neno “maskini” lina maana gani humo?

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawana. “Maskini” limetufikia kupitia Kiarabu, lakini ndugu yake Mwebrania, *misken*, yumo ndani ya Mhubiri 9:15, kwenye kisa cha maskini mwenye hekima aliyeuokoa mji wake na kisha asikumbukwe na mtu. “Riba” nayo ina ndugu, *ribit*. Na “sadaka” ni ndugu wa *tsedaka*, neno linalotokana na mzizi wa haki. Kwa hiyo Myahudi wa zamani aliyempa mwenye njaa mkate hakujiona ametenda hisani. Alikuwa ametimiza haki ya mtu. Ukishika hilo moja, nusu ya maswali yaliyo hapa chini inakuwa nyepesi.

Kiebrania kina maneno mengine: *ani*, mtu aliyeonewa akashushwa, *evyon*, mhitaji, *dal*, mnyonge. Kigiriki kiligawa watu mafungu mawili. *Penes* ni mtu wa kipato cha leo kwa leo, anayekula jasho lake. *Ptokos* ni ombaomba aliyejikunyata njiani. Agano Jipya linatumia *penes* mara moja tu, katika 2 Wakorintho 9:9, na hapo linanukuu Zaburi. Karibu kwingine kote ni *ptokos*. Yesu aliposema “maskini”, wasikilizaji walimwona yule wa njiani.

3. Si Biblia inasema fedha ndiyo chanzo cha mabaya yote?

Hapana. 1 Timotheo 6:10 inasema: “Maana shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha.” Watu huliacha neno “kupenda” nje. Mistari michache mbele, matajiri walio ndani ya kanisa hawafukuzwi. Wanaagizwa wasijivune, wasiutumainie utajiri usio wa hakika, na wawe tayari kutoa.

## Torati na manabii

4. Torati ilimpa maskini nini hasa?

Ilimpa vitu vya kushika mkononi. Mwenye shamba hakuruhusiwa kuvuna hadi pembeni wala kurudi kuokota masazo (Walawi 19:9–10), na mganda aliousahau shambani ulikuwa wa mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 24:19). Ruthu aliishi kwa sheria hiyo. Kibarua alilipwa siku hiyohiyo, kabla jua halijatua. Anayedai rehani alisimama nje, asiingie nyumbani mwa mdeni kujichagulia kitu, na akipewa vazi alirudishe jioni, kwa kuwa ndilo shuka la kulalia (Kutoka 22:26–27).

Hiyo sheria ya vazi ina jirani wa kusisimua. Mwaka 1960, kwenye mabaki ya ngome ndogo ya pwani iitwayo Metsad Hashavyahu, kusini mwa Yafa, kulipatikana kigae cha chungu chenye maandishi ya Kiebrania ya mwishoni mwa karne ya 7 KK. Ni malalamiko ya mvunaji kwa afisa. Anasema amevuna, amepima, ameweka nafaka ghalani kama kawaida, kisha akaja Hoshayahu mwana wa Shobai akamchukulia vazi. Ndugu zake waliovuna naye juani, anasema, watamshuhudia. Anaomba arudishiwe. Mvunaji hanukuu Torati hata kidogo, na hatujui kama vazi lilirudi. Ila ukimsoma yeye kwanza, halafu Kutoka 22, ile sheria inaanza kunuka jasho.

5. Kwa nini riba ilikatazwa?

Kwa sababu mkopo unaosemwa hapo ni mkopo wa njaa. Mtu mavuno yamemwangusha, anataka mbegu au unga mpaka msimu ujao. Kumtoza riba ni kununua shamba lake taratibu, na baada ya shamba, watoto wake. Kutoka 22:25 na Walawi 25:35–37 zinamtaja ndugu aliyeishiwa. Kumbukumbu la Torati 23:20 inaruhusu riba kwa mgeni, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara wa kupita.

Marabi walikaza uzi kuliko Torati yenyewe. Mishna, katika Bava Metsia 5:10, inaita riba hata zawadi iliyotangulizwa ili ukopeshwe. Rabi Shimoni anataja hadi riba ya maneno: mdeni asimnong’oneze mkopeshaji kwamba mtu fulani kafika kutoka mahali fulani, maana habari nayo ni faida. Kwa upande wa Wakristo, Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, kanuni ya 17, uliagiza makleri wanaokopesha kwa riba wavuliwe daraja. Ukiona kanuni ya namna hiyo, ujue wapo waliokuwa wakifanya.

Watu huuliza kama mkopo wa simu unaingia humo. Waandishi hawa hawakuujua, lakini kipimo chao kilikuwa kumtazama anayekopa, anakopa kwa ajili ya mtaji au kwa ajili ya sufuria ya leo usiku.

6. Mwaka wa yubile uliwahi kutekelezwa kweli?

Walawi 25 inataka kila mwaka wa 50 ardhi iliyouzwa irudi kwa ukoo wake. Hakuna kumbukumbu ya kihistoria inayoonyesha taifa zima likifanya hivyo. Mwaka wa saba, wa kupumzisha ardhi, una ushahidi: 1 Wamakabayo 6 inasimulia mji wa Beth-Suri ukikosa chakula cha kuhimili kuzingirwa kwa sababu ulikuwa mwaka huo.

Mgogoro mkubwa ulikuwa kwenye madeni. Kumbukumbu la Torati 15 inafuta deni kila mwaka wa saba, kisha inaonya kabisa kwamba mtu asije akafumba mkono kwa kuuona mwaka huo unakaribia. Wakafumba. Hillel, mwalimu mkubwa wa Torati karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, akaja na dawa iitwayo *prozbul*: mkopeshaji anawakabidhi mahakimu madai yake kwa hati, na deni linabaki hai kwa sababu si la mtu binafsi tena. Mishna inasema alifanya hivyo baada ya kuona watu wameacha kukopeshana. Je, aliiokoa sheria au aliitoboa? Miaka 200 hivi baadaye Rabi Shmueli wa Babeli aliita hati hiyo ujeuri wa mahakimu, akasema angekuwa na uwezo angeifuta. Mimi naegemea kwa Hillel. Mwenye njaa hawezi kula sheria ambayo hakuna anayemkopesha kwa sababu yake.

7. Kama Mungu huwabariki wenye haki kwa mali, maskini kakosa nini?

Swali hili huja na Malaki 3:10 mkononi, mstari unaosikika sana Afrika Mashariki siku za fungu la kumi. Upo kweli mstari wa mawazo unaofungamanisha utii na ghala lililojaa: Kumbukumbu la Torati 28, Zaburi 112, na Mithali 10:4 isemayo mkono mlegevu huleta umaskini.

Lakini maktaba ileile inajipinga yenyewe kwa makusudi. Ayubu anafilisika bila kosa, na marafiki wanaomwambia atubu ndio wanaokemewa na Mungu mwishoni. Zaburi 73 inalia kuona waovu wakinenepa. Mithali zenyewe zina sala ya Aguri: “Usinipe umaskini wala utajiri, Unilishe chakula kilicho kadiri yangu.” Barua iliyo mwishoni mwa kitabu cha Henoko inageuza meza kabisa, kwa kuwalilia ole matajiri walioutumainia utajiri wao. Na jamii ya Qumran ilijiita “maskini” kama cheo. Hati yao ya Dameski inahesabu nyavu tatu za Beliali, yaani Shetani, na mali ni mmojawapo.

Kuhusu fungu la kumi, isomwe Malaki pamoja na Kumbukumbu la Torati 14:28–29. Kila mwaka wa tatu lilibaki mjini, likaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane mpaka washibe. Hiki kipande hakisikiki sana mimbarani.

## Yesu na kizazi cha kwanza

8. Luka anasema “maskini”, Mathayo anasema “maskini wa roho”. Tushike lipi?

Luka 6:20 ni “Heri ninyi mlio maskini”, na mistari minne mbele kuna ole kwa matajiri. Mathayo 5:3 ni “Heri walio maskini wa roho”, na hakuna ole. Wataalamu wengi huona Luka yuko karibu zaidi na maneno ya kwanza.

Hata hivyo Mathayo hakutunga kitu cha ajabu. Gombo la Vita la Qumran lina usemi wa Kiebrania unaofanana sana na wake, kwa watu walionyenyekezwa hadi rohoni. Katika Kiebrania anayeonewa na anayemnyenyekea Mungu walikuwa wameshaanza kuwa neno moja. Kwa hiyo “maskini wa roho” si mlango wa uani wa kumpitisha tajiri mpole.

9. Ile “tundu ya sindano” si lango dogo la Yerusalemu?

Hapana. Maelezo kwamba kulikuwa na lango la jina hilo, ngamia akipita kwa kupiga magoti na kushushwa mzigo, yanatoka Zama za Kati, na hakuna lango la namna hiyo linalojulikana. Ujanja mwingine ni kusoma *kamilos*, kamba nene, badala ya *kamelos*, ngamia. Kirilo wa Aleksandria aliupenda. Lakini kamba ya meli nayo haipiti kwenye sindano.

Mashariki walizoea kuchekesha hivyo. Talmudi ya Babeli ina tembo anayepita tundu ya sindano, kwa maana ya jambo lisiloweza kuotwa hata usingizini, na wasomaji Waislamu wanamjua ngamia wa Kurani 7:40. Wanafunzi walielewa vizuri, ndiyo maana waliuliza, “Ni nani basi awezaye kuokoka?” Wangekuwa wameambiwa habari za lango, swali hilo lisingekuwapo.

10. Tajiri wa kisa cha Lazaro alitenda dhambi gani?

Luka 16 haitaji wizi, wala dhuluma, wala zinaa. Mtu anavaa zambarau na kitani, anakula vizuri kila siku, na mlangoni pake kalazwa mwenye vidonda. Basi.

Ila angalia mstari wa 24. Akiwa kwenye mateso, tajiri anasema, “umtume Lazaro”. Kumbe jina analijua! Miaka yote alijua ni nani yule aliyelala pale, na hata sasa anamwona kama mtu wa kutumwa maji. Tajiri mwenyewe Luka hakumpa jina. Tena anayempokea Lazaro ni Ibrahimu, ambaye Mwanzo 13:2 inamtaja kuwa tajiri sana wa mifugo, fedha na dhahabu, kwa hiyo kisa hakisemi kila tajiri anaungua. Na ndugu watano waliobaki hawahitaji muujiza: wanao Musa na manabii, yaani yote yaliyo kwenye swali la 4.

11. “Maskini mnao siku zote”: si maana yake umaskini hautaisha, tusijisumbue?

Yesu ananukuu Kumbukumbu la Torati 15:11, na msikilizaji Myahudi aliyejua Torati angeimalizia mwenyewe kichwani: maskini hawatakoma katika nchi, *kwa hiyo* nakuamuru umfumbulie ndugu yako mkono. Marko 14:7 inaongeza kwamba wakitaka wanaweza kuwatendea mema wakati wowote. Kuutumia mstari huu kufunga pochi ni kusoma nusu yake.

12. Mjane wa sarafu mbili: ni mfano wa kuigwa?

Pengine ndiyo, lakini soma mstari mmoja nyuma. Katika Marko 12:40 Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara tunamwona mjane akitoa riziki yake yote kwenye sanduku la hekalu. Yesu anasema ametoa kuliko wote. Hasemi imempendeza ilivyokuwa. Anayemsimulia mjane huyu wakati wa harambee asianzie mstari wa 41.

13. Wakristo wa kwanza waliishi kijamaa?

Kwa Mtanzania neno lenyewe lina historia yake, na ndiyo sababu swali hili halikosekani. Matendo 2 na 4 zinasema walikuwa na vitu vyote shirika, wakauza mashamba, wakagawa kwa kadiri ya mahitaji. Wapo waliolitimiza hili kwa kanuni kali kuliko wao: Qumran, mwanachama mpya alikabidhi mali kwa mwangalizi, ikaandikwa lakini isitumiwe mpaka kipindi cha majaribio kiishe, ndipo ikaunganishwa na ya wote.

Yerusalemu haikuwa hivyo. Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwake (Matendo 5:4). Kosa lilikuwa uongo. Mama yake Yohana Marko alibaki na nyumba, na watu walikutania humo. Na mfumo ulipasuka mapema: Matendo 6 inaanza na manung’uniko kwamba wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki wanarukwa kwenye mgao wa kila siku. Nani asiyewahi kuona mgao wa namna hiyo?

Jambo lililodumu ni mchango. Paulo alizunguka miaka mingi akichangisha makanisa ya Makedonia, Akaya na Galatia kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na neno analotumia katika 2 Wakorintho 8:13–14 ni “usawa”: ziada yenu kwa upungufu wao leo, kesho kinyume chake. Yeye huyohuyo aliwakemea Wakorintho kwa sababu katika chakula cha Bwana mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Kuhusu “asiyefanya kazi na asile”, andiko la 2 Wathesalonike 3:10 linamsema asiye*taka* kufanya kazi. Asiyepata kazi ni mtu mwingine.

## Mikono inayotoa, mikono inayopokea

14. Fedha zilikusanywaje, na nani aliamua apewe nani?

Kwa marabi kulikuwa na vyombo viwili. *Tamhui* ni sinia la chakula cha kila siku kwa yeyote mwenye njaa. *Kupa* ni kikapu cha fedha, kikigawiwa kila Ijumaa kwa maskini wa mji. Mishna (Pea 8:7) inataka watu wawili wakusanye na watatu wagawe, kwa kuwa kugawa ni kama kuhukumu.

Makanisa yalifanana nao. Yustino Mfiadini, Roma, miaka ya 150, anasema mchango wa Jumapili ulikaa kwa kiongozi wa ibada, akasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliani wa Kartago anataja sanduku la kila mwezi, hiari tupu, lililozika hata maskini. Mwaka 251 Askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa la Roma lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka kwa adui. Kaisari Juliano, aliyetaka kuirudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia mwaka 362 akilalamika: hakuna Myahudi anayeombaomba, na Wagalilaya, yaani Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu pia.

Je, wenye kujifanya maskini? Hilo nalo waliliona. Mishna iliweka mstari: mwenye zuzi (sarafu ya fedha) 200 asiokote masazo, lakini mwenye 199 aweza kupokea hata akipewa 1,000 kwa mkupuo mmoja, wala halazimishwi kuuza nyumba yake na vyombo vyake. Didake inashauri sadaka ikutoke jasho mikononi mpaka ujue unampa nani. Inaongeza kipimo cha wahubiri wanaosafiri ambacho kingefaa kubandikwa milangoni: akikaa siku mbili sawa, akikaa tatu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Krisostomo alichoshwa na uchunguzi huo wote. Bandari, alisema, haimuulizi aliyevunjikiwa na meli kama ni mwema au mwovu.

Juu ya kiasi cha kumpa mtu, Talmudi (Ketubot 67b) inasimulia kwamba Hillel alimpatia mtu wa ukoo bora aliyefilisika farasi na mtumwa wa kumkimbilia mbele, kama alivyozoea. Siku moja mtumwa hakupatikana, Hillel akakimbia mwenyewe maili tatu. Ukurasa huohuo una Mar Ukva, aliyekuwa akimtupia jirani maskini zuzi nne kila siku kwenye tundu la bawaba ya mlango. Jirani akataka kumjua. Siku hiyo Mar Ukva alikuwa na mkewe; mlango ukafunguka, wakatimua mbio, wakajificha ndani ya tanuri lililotoka kuondolewa makaa. Miguu ya mume ikaungua, ya mke haikuungua. “Weka miguu yako juu ya yangu,” mke akamwambia. Mume akaona uchungu. Mke akamweleza kwa nini yeye hakuungua: mimi nashinda nyumbani, na ninachotoa ni chakula kinacholiwa palepale. Kwa nini wakimbie namna hiyo? Kwa sababu ni afadhali mtu ajitupe motoni kuliko kumwaibisha mwenzake hadharani.

## Penye utata

15. Sadaka hufuta dhambi?

Sira 3:30 inasema kama maji yazimavyo moto, ndivyo sadaka ifanyavyo kwa dhambi. Tobiti 12:9 inasema sadaka huokoa na mauti. Danieli 4:27, iliyo kwenye Biblia zote, inamshauri Nebukadneza aachane na maovu yake kwa kuwahurumia maskini. Sipriani wa Kartago aliandika kijitabu kizima juu ya matendo mema na sadaka kwa msingi huo. Nyuma yake iko Mithali 19:17: “Amhurumiaye maskini humkopesha BWANA.” Ukimkopesha Mungu, maskini ndiye mkono wake wa kupokelea.

Waprotestanti husita hapa, kwa imani na kwa sababu Sira na Tobiti hawamo kwenye Biblia yao. Hata hivyo waandishi hawa hawakuwa wakiuza msamaha. Sira huyohuyo, sura ya 34, anasema anayetoa sadaka kutoka mali ya maskini ni kama anayemchinja mwana mbele ya baba yake.

16. Tajiri lazima agawe vyote ndipo aokoke?

Antoni wa Misri, karne ya 3, alisikia Mathayo 19:21 ikisomwa kanisani, akatoka akagawa ardhi yake. Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200, alikuwa ameuliza lililo gumu zaidi: kama hakuna mwenye kitu, nani atamlisha mwenye njaa? Hermas wa Roma alichora mti na mzabibu. Mti hauzai, lakini mzabibu usipokwea juu yake hutambaa chini na zabibu kuoza. Tajiri anashikilia, maskini anaomba, na wote wawili huzaa. Ni picha tamu, ingawa inampa tajiri nafasi nzuri mno kwa ladha yangu. Sinodi ya Gangra ya karne ya 4 iliwapinga waliosema tajiri asiyeacha vyote hana tumaini. Marabi walikuja na kikomo cha upande wa pili: kule Usha, mji wa Galilaya walikokutana, iliamuliwa mtu asitoe zaidi ya moja ya tano ya mali yake, asije akawa mzigo kwa wengine.

17. Kama Mungu anawapenda maskini, mbona hawalishi mwenyewe?

Swali hili liliulizwa zamani. Talmudi (Bava Batra 10a) inalitia kinywani mwa Turnus Rufus, mtawala Mrumi, akimuuliza Rabi Akiva. Rufus anatoa mfano: mfalme kamfunga mtumwa wake na kukataza asipewe chakula, wewe ukimpa, hatakasirika? Akiva anajibu kwa mfano wake: mfalme kamkasirikia *mwanawe*, kamfunga, kakataza asilishwe. Mtu akamlisha. Mfalme akipata habari, si atampelekea mtu huyo zawadi? Ubishi wote uko kwenye neno moja, aliyeko gerezani ni mtumwa au ni mwana.

18. Walihoji utajiri umetoka wapi, au walihimiza sadaka tu?

Walihoji, na tangu mapema. Amosi aliona maskini wakiuzwa kwa jozi ya viatu na vipimo vikipunguzwa sokoni. Isaya 5:8 inawalilia ole wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba. Yakobo 5:4 inasikia ujira wa wavunaji uliozuiwa ukipiga kelele, na hapo namkumbuka mvunaji wa swali la 4. Basili wa Kaisaria, wakati wa njaa ya mwaka 368 na 369, aliwaambia wenye maghala kwamba mkate wanaouweka ni wa mwenye njaa, na vazi lililo kabatini ni la aliye uchi. Ambrosi wa Milano aliandika juu ya shamba la Nabothi, lile alilotwaa mfalme Ahabu, kana kwamba lilinyang’anywa jana. Kijitabu cha Kipelagio (cha wafuasi wa mtawa Pelagio) kuhusu utajiri, cha mwanzoni mwa karne ya 5, kilikwenda mbali kuliko wote: mwondoe tajiri, maskini hutamwona.

19. Kuna yeyote aliyejaribu kupiga hesabu?

Krisostomo, akihubiri Antiokia juu ya Injili ya Mathayo. Alikisia moja ya kumi ya mji ni matajiri, moja ya kumi ni maskini wasio na chochote, na waliobaki wako katikati. Wenye uwezo wakigawana maskini hao, alisema, kila watu 50, pengine 100, wasingepata hata maskini mmoja wa kumtunza. Kisha akatoa hesabu ya jirani. Kanisa lao, ambalo pato lake halikufikia hata la tajiri mmoja mkubwa wa mji ule, lilikuwa na orodha ya wajane na mabikira 3,000 wanaolishwa kila siku, mbali na wafungwa, wagonjwa na wanaokuja mlangoni.